Muulize Mchenjuaji: Kabla ya kulaumu mawe, pima maji

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia jambo moja, nalo ni maji. Si ya kunywa. Ni yale yanayozunguka kwenye mitambo ya kuchenjua madini ya salfaidi, yaani shaba, risasi, zinki, nikeli na molibdenamu zilizoshikamana na salfa. Kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama kando ya seli za kuelesha madini, kazi yenyewe huenda hivi: mawe husagwa pamoja na maji mpaka yawe tope laini, kisha hutiwa kemikali iitwayo zanthati, ambayo hung'ang'ania chembe za salfaidi na kuzifanya zikatae maji. Hewa inapopulizwa kutoka chini, chembe hizo hujishika kwenye viputo na kupanda na povu. Povu hilo likikamuliwa maji ndiyo makinikia. Mawe yasiyotakiwa hubaki na tope na kwenda bwawa la mabaki.

Tope la kawaida lina kama asilimia 30 ya mawe kwa uzito. Piga hesabu: kila tani moja ya mawe inakwenda na zaidi ya tani mbili za maji. Kwa hiyo kitu kinachoingia mtamboni kwa wingi kuliko kingine chochote ni maji, na kwenye mitambo mingi niliyoifahamu ndicho kinachopimwa kwa uvivu kuliko vyote.

Barua nimezifupisha. Majina na migodi nimeyaacha, kwa sababu baadhi yenu mmeandika mambo ambayo wakubwa wenu wasingependa kuyasoma hapa.

Mtambo wetu hutoa makinikia ya risasi kwanza, halafu ya zinki. Tangu tuanze kurudisha maji ya bwawa la mabaki kwenye kinu, zinki inapanda pamoja na risasi. Mawe ni yale yale, dozi ni zile zile. Muuzaji wa kemikali alishauri tuongeze sianidi ili kuizuia zinki. Tukaongeza, tukapata nafuu ya muda, kisha hali ikarudi ilivyokuwa. Tufanyeje?
— Msimamizi wa zamu

Ndugu yangu, muuzaji hakukosea kutaja sianidi. Alichoruka ni kuuliza zinki imeamshwa na nini.

Salfaidi ya zinki, sfalaraiti, ikiwa safi haina urafiki mkubwa na zanthati. Ndiyo maana mnaweza kutoa risasi kwanza na kuiacha zinki itulie ndani ya tope. Ikiguswa na shaba, habari inabadilika. Ayoni ya shaba huingia kwenye uso wa chembe, ayoni ya zinki hutoka, na chembe hubaki na ngozi nyembamba ya salfaidi ya shaba. Kuanzia hapo zanthati inaipokea kama vile ni shaba. Hiyo ndiyo kazi ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, mnaoutia kwa makusudi mkifika seli za zinki. Balaa huja pale shaba inapowahi kufika, wakati bado mnaelesha risasi. Ayoni za risasi zenyewe nazo huamsha zinki, ingawa si kwa nguvu ya shaba, na katika madini yenu hizo hazikosekani.

Sasa shaba hiyo imetoka wapi? Sehemu ni ule mrututu wa seli za zinki ambao haukupata chembe ya kushika, ukaenda na maji mpaka bwawani. Sehemu hutoka kwenye mawe yenyewe, hasa kama yamekaa muda mrefu kwenye rundo na kuanza kuoza kwa hewa na mvua. Na sehemu inabebwa na sianidi, na hapa ndipo barua yako iliponikamata. Sianidi huyeyusha shaba kutoka kwenye chembe na kuishikilia ndani ya maji. Ikiwa bado ina nguvu, shaba hiyo imefungwa na haidhuru. Ikifika bwawani, maji hunywa hewa ya ukaa, pH inashuka, sianidi inageuka gesi na kupotea angani, na jua nalo lina mkono wake. Shaba iliyokuwa imefungwa sasa iko huru, na kiasi chake kinarudi na pampu yenu hadi kinuni. Kila mlipoongeza sianidi mlipata zamu chache za amani, na papo hapo mkawa mnapeleka bwawani shaba nyingi zaidi ya kuja kuwasumbua. Nafuu ya muda ina maelezo.

Lakini usinisadiki mimi. Chukua fungu moja la mawe, lichanganye vizuri, uligawe. Fungu la kwanza lisage na kulielesha kwa maji safi. La pili kwa maji ya bwawa. La tatu kwa maji yanayofurika kutoka tangi la kutuamisha makinikia ya zinki. Dozi, muda na pH viwe sawa kote. Kila jaribio lirudiwe, maana mikono ya watu wawili wakikwangua povu haifanani na tofauti ndogo inaweza kuwa ya mikono tu. Kisha angalia zinki iliyopanda na risasi katika kila fungu. Ikiwa la kwanza ni safi na la pili na la tatu yamechafuka, mjadala wa mawe umekwisha.

Tahadhari moja. Mtapeleka maji maabara na mtaambiwa shaba karibu haionekani. Msishangilie. Kwenye pH ya 9 na kuendelea, shaba isiyoshikiliwa na kitu haikai ndani ya maji: ama imejigeuza hidroksaidi na kuganda, ama imekwisha kukaa juu ya chembe za zinki, ambako ndiko inakofanya uharibifu. Kuitafuta majini peke yake ni kumtafuta mgeni barabarani wakati yuko sebuleni. Itafuteni kwenye uso wa chembe kwa kuosha tope na mmumunyo wa EDTA. EDTA hunyofoa shaba na risasi zilizooksidika juu ya uso na kuiacha salfaidi yenyewe karibu ilivyo. Chujeni, pimeni kilichotoka, linganisheni tope la maji safi na tope la maji ya bwawa. Na mkiwa na kipimo cha mwanga wa urujuanimno, angalieni pia kwenye nanomita 301. Zanthati iliyosalia majini hujionyesha hapo, nayo ikirudi kinuni huanza kukusanya kila kitu kabla hamjasema lolote.

Tiba ninayoipenda ni bomba. Maji yanayofurika kutoka tangi la risasi yarudi kwenye kinu na seli za risasi, na yale ya zinki yabaki upande wa zinki, ambako shaba yake ni faida. Ya bwawani yaende kwanza upande wa zinki, na kinuni yafike kidogo kadiri inavyowezekana. Baada ya hapo ndipo turudi kwa sianidi, tena ikiambatana na salfeti ya zinki na ikitiwa humo humo kinuni, ambako uso mpya wa chembe unazaliwa. Hiyo ni dawa ya Sheridan na Griswold, waliyoipatia hataza mwaka 1922, na mpaka leo haijapata mshindani wa maana kwa kazi hii. Ila haikubuniwa ili kupigana na shaba inayorudishwa na pampu kila siku.

Tuna maji mengi yanayorudi yakiwa na pH kubwa kuliko tunavyotaka, na bado yana mabaki ya sianidi. Kuna ubaya gani tukimimina tindikali ya salfuriki kwenye tangi la maji mpaka ishuke hadi 7?
— Operata

Msifanye hivyo. Kwenye pH ya karibu 9.2 nusu ya sianidi huru tayari iko katika umbo la gesi ya sianidi hidrojeni iliyoyeyuka majini, na chini ya hapo karibu yote. Ikifika 7 tangi lenu litakuwa linapumua sumu inayoua mtu akiwa amesimama pale pale juu ya ngazi. Walio na mabaki ya hidrosalfaidi ya sodiamu kutoka mitambo ya shaba na molibdenamu nao wasikie: tindikali ikigusa maji yale hutoa gesi ya salfaidi hidrojeni, na harufu yake ya mayai yaliyooza haisaidii, kwa sababu ikizidi huua uwezo wa kunusa kwanza. Sianidi inaharibiwa kwa utaratibu wake, pH ikiwa bado juu, na wanaojua wakiwepo. Onyesha jibu hili kwa msimamizi wako leo.

Mgodi wetu wa shaba na molibdenamu uko kwenye nyanda kame na wakubwa wanazungumzia kuvuta maji ya bahari bila kuyaondoa chumvi. Je, salfaidi huelea kwenye maji ya bahari? Na nini kitatupata?
— Mtaalamu wa metali

Huelea, bila wasiwasi. Chile, ambako jangwa la Atacama limewalazimisha watu kufikiri, kuna mitambo inayotumia maji ya bahari kama yalivyo. Mradi wa Esperanza, ambao sasa ni sehemu ya Centinela, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2010 ukiyavuta kwa bomba la zaidi ya kilomita 140 hadi kwenye nyanda za juu. Chumvi ya kawaida si adui wa kalkopairiti, salfaidi ya shaba na chuma. Tena inawapunguzia kazi moja: ikizidi kiwango fulani huzuia viputo kuungana na kuwa vikubwa, kwa hiyo mtapata viputo vidogo vidogo na mtahitaji kemikali ya povu kidogo kuliko mlivyozoea.

Wa kumwogopa ni magnesiamu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa jumla, na humo magnesiamu ni kama gramu 1.3. Fanya jaribio hili mwenyewe, linafaa kuonwa kwa macho kabla ya kikao chochote. Weka lita moja ya maji ya bahari kwenye bika, kipimo cha pH ndani, koroga, anza kutia maziwa ya chokaa kidogo kidogo. Mwanzo pH inapanda haraka. Ikikaribia 9.5 hadi 10 inagoma. Unatia chokaa, namba haisogei. Unatia tena, inasogea kidogo halafu inarudi nyuma. Ukitazama ndani ya bika utaona weupe unajitokeza, mwanzoni kama moshi, baadaye kama rojo jepesi lisilotaka kutulia chini. Hiyo ni hidroksaidi ya magnesiamu. Chokaa yako inaliwa yote pale, na pH itaanza kupanda tena baada ya magnesiamu kwisha.

Hesabu yake ni hii. Kuganda kwa magnesiamu yote ya mita moja ya ujazo ya maji ya bahari kunadai kama kilo 3 za chokaa isiyozimuliwa. Kama kila tani ya mawe ingepata maji mapya tupu, mita 2.3 za ujazo, ungepoteza kama kilo 7 za chokaa kwa tani kabla hujazuia chembe moja ya pairiti, salfaidi ya chuma msiyoitaka kwenye povu. Kwa kweli maji yanayorudi yameshapoteza sehemu ya magnesiamu yake, kwa hiyo namba halisi itakuwa chini ya hapo, ila itakuwa kubwa kuliko ile iliyo kwenye bajeti yenu ya sasa.

Na hasara ya chokaa ndiyo ndogo. Kubwa ni molibdenamu. Lile rojo jeupe lina chaji chanya, na chembe za molibdenaiti, yaani salfaidi ya molibdenamu, hasa kwenye kingo zake, zina chaji hasi. Vinavutana. Chembe inavikwa koti la hidroksaidi, inaanza kupenda maji, na inakwenda zake bwawani. Shaba itaendelea kupanda kwa namna yake, lakini urejeshaji wa molibdenamu utaporomoka mara tu pH ikivuka hapo kwenye 9.5 hadi 10, na kwenye chati ya zamu mtauona mteremko wake vizuri.

Basi njia ni kutofika huko. Endesheni seli za kwanza karibu na pH ya asili ya maji ya bahari, kama 8, na pairiti izuieni kwa metabisalfaiti ya sodiamu badala ya chokaa. Watu waliozoea chokaa tangu chuoni hulalamika sana wakiambiwa hivi. Wapelekeeni ile bika.

Mambo mengine mawili nayapitisha haraka: kutu, ambayo wahandisi wa mabomba watawaambia habari zake bila kuulizwa, na kloraidi kwenye makinikia. Viwanda vya kuyeyusha shaba havipendi kloraidi, kwa hiyo tengeni maji safi kidogo kwa ajili ya kuosha makinikia kwenye chujio la mwisho. Hayo msiyapunguze hata mkibanwa.

Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi. Vitabu vinasema pairiti huzuiwa kwa kupandisha pH kwa chokaa. Je, nikipandisha pH ile ile kwa magadi soda (kaboneti ya sodiamu) au soda kali, si ni sawa tu? Kinachozuia si ni pH?

Marahaba, mwanangu. Si sawa, na umeuliza jambo ambalo wenye vyeo hawaulizi.

Nusu ya kazi kweli ni pH. Ayoni za hidroksaidi zinashindana na zanthati kugombea uso wa chembe, na kwa kila madini kuna pH ambayo ikipitwa zanthati inashindwa. Wark na Cox, kule Australia, walizipima katika miaka ya 1930 kwa zanthati ya ethili ya miligramu 25 kwa lita: galena (salfaidi ya risasi) 10.4, pairiti 10.5, kalkopairiti 11.8. Tazama nafasi iliyopo kati ya pairiti na kalkopairiti. Humo ndimo mitambo ya shaba inamoishi. Tazama pia galena na pairiti zilivyobanana, utaelewa kwa nini wenye risasi hawategemei pH peke yake. Na ukizidisha zanthati, mpaka unasogea juu, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama amri.

Nusu nyingine ni kalsiamu. Chokaa huleta ayoni za kalsiamu, nazo hukaa kwenye uso wa pairiti ulioanza kuoksidika na kuuzuia zaidi ya vile soda kali ingeweza kwa pH hiyo hiyo. Kwa pairiti hilo ni jema. Kwa galena na kwa dhahabu huru si jema, kwa sababu nazo hubanwa, na ndiyo maana mitambo mingi ya risasi hupenda magadi soda. Magadi huleta kaboneti inayoikamata kalsiamu na kuigandisha.

Sasa weka hili akilini kwa siku utakapoanza kazi: mtambo unaorudisha maji yake na kutumia chokaa utakuwa na maji yaliyoshiba jasi, kalsiamu ikiwa miligramu mia kadhaa kwa lita. Hapo hata ukibadili chokaa kwa magadi leo asubuhi, kalsiamu ya jana bado imo. Utahitaji magadi mengi ya kuimaliza kabla hujaona tofauti yoyote. Jasi hiyo hiyo hujenga ukoko kwenye mabomba, kwenye chujio, na kwenye elektrodi ya pH. Elektrodi yenye ukoko hujibu kwa uvivu na kudanganya, na pampu ya chokaa huendeshwa na uongo wake. Ioshe kwa tindikali nyepesi ya hidrokloriki kisha ipime upya kwa bafa, yaani mmumunyo ambao pH yake inajulikana. Nimeona dozi ya chokaa ya mtambo mzima ikibadilika baada ya kuosha kioo cha ukubwa wa kidole.

Povu letu linafurika hadi sakafuni. Tumefunga kabisa kemikali ya povu na bado linafurika. Linatoka wapi?
— Fundi wa seli

Linatoka bwawani. Kemikali za povu hazifanani. Aina za alkoholi nyepesi hupotea hewani kwa kiasi, lakini aina za glaikoli hubaki majini na kurudi. Ukifunga pampu leo, unaendelea kutumia dozi ya juzi.

Chukua chupa mbili za kioo zinazofanana, moja ya maji ya bwawa yaliyochujwa, moja ya maji safi, zijaze nusu. Zitikise kwa nguvu sawa, ziweke mezani, hesabu sekunde hadi povu litoweke. Povu la maji safi hutoweka karibu papo hapo. Ya bwawa yakikaa na pete ya povu ukutani kwa muda, umepata jibu lako bila maabara. Fanya hivyo kila zamu na uandike sekunde. Kipimo hiki hakina heshima kwenye ripoti, lakini kimewahi kunionya mapema kuliko vyombo vya bei mbaya.

Kama chupa mbili zinafanana, tafuta kwingine: chumvi iliyopanda, udongo laini unaolifanya povu liwe zito na gumu kama ngozi, au zanthati iliyozidi. Kuhusu chumvi, kule Raglan, kaskazini mwa Quebec nchini Kanada, mtambo wa nikeli umeendeshwa bila kemikali ya povu kabisa kwa sababu maji yake yana chumvi ya kutosha kufanya kazi hiyo. Na siku povu likifa ghafla badala ya kufurika, nenda kaangalie gia za vinu. Mafuta yanayovuja humaliza povu upesi mno.

Tunasaga kwa gololi za chuma cha kawaida na mawe yetu yana pirotaiti (aina nyingine ya salfaidi ya chuma) nyingi. Operata wetu wa zamani anang'ang'ania tupulize hewa kwenye tangi kabla ya kutia zanthati. Vijana wanasema ni mazoea tu. Nani mkweli?
— Mkuu wa zamu ya usiku

Mzee ni mkweli, na vijana wamkaribie wajifunze.

Zanthati haishiki vizuri kwenye salfaidi bila oksijeni. Inaposhika, inatoa elektroni, na oksijeni iliyoyeyuka ndiyo inayozipokea. Ndani ya kinu chenu oksijeni hiyo ina walaji wawili wenye njaa, gololi zinazopata kutu na pirotaiti, ambayo ni mojawapo ya salfaidi zinazooksidika kwa kasi sana. Tope linatoka kinuni likiwa karibu halina oksijeni yoyote. Mkitia zanthati hapo, sehemu kubwa inazunguka tu majini. Juu ya hayo, chuma kinachotoka kwenye gololi hugeuka hidroksaidi na kuzipaka chembe za madini mnayoyataka.

Wapeni vijana kipimo cha oksijeni na saa ya kuhesabia sekunde. Chota tope linalotoka kinuni, weka kwenye chombo chenye mfuniko unaobana elektrodi, pulizia hewa mpaka kipimo kikaribie kushiba, funga hewa. Halafu andikeni usomaji kila sekunde kumi na kuchora mstari. Kwenye tope lenye pirotaiti mbichi mstari huanguka kama umesukumwa. Pulizeni tena, fungeni tena, choreni mstari wa pili, wa tatu. Kila mara mteremko unapungua ukali, kwa sababu uso wa pirotaiti unajifunika. Mteremko ukishalala vya kutosha, huo ndio muda wa kupuliza hewa kwenye tangi lenu. Mzee aliupata kwa kuangalia rangi ya povu, nyinyi mtaupata kwa karatasi.

Msizidishe. Galena ikipulizwa mno huoksidika nayo, ikaanza kupoteza risasi majini. Na kama wakubwa wanasikia, gololi zenye kromu nyingi hutoa chuma kidogo sana na hula oksijeni kidogo.

Nikitaka kutuma maji ya mtambo maabara ya nje, nichukueje sampuli? Mara zote majibu hayafanani na tunayopima sisi.
— Mwanamaabara

Hayatafanana, kwa sababu maji yanaendelea kubadilika ndani ya chupa. Chuja hapo hapo kwenye mtambo kabla tope halijatulia, maana chembe laini zilizobaki huendelea kutoa na kula ayoni njiani. pH, oksijeni na joto pima papo hapo, hivyo haviwezi kusafirishwa.

Kisha gawa kwenye chupa tofauti. Ya metali itie tindikali ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, zisigande ukutani mwa chupa. Ya sianidi itie soda kali ipande juu ya 12, ikae gizani na kwenye baridi. Hizi mbili usizichanganye mikono, kwa sababu niliyoyaeleza hapo juu. Ya thiosalfeti na jamaa zake usiitie tindikali kabisa, kwa kuwa thiosalfeti ikionja tindikali huvunjika ikaacha salfa nyeupe chini, na maabara itakuandikia kwamba hukuwa nayo. Ijaze chupa hiyo mpaka mdomoni pasibaki hewa, iweke kwenye barafu, ipimwe upesi. Mabwawa ya mabaki ambayo maji yake hugeuka tindikali baadaye bila sababu ya kuonekana mara nyingi yana thiosalfeti hiyo, ilitengenezwa kinuni na ikaendelea kuoksidika polepole huko nje, kwa hiyo usiiache kwenye orodha ya vipimo hata kama haijaombwa.

Andika juu ya kila chupa mahali, saa, na dozi zilizokuwa zinaingia wakati huo, pamoja na ni mawe ya rundo gani yalikuwa kinuni.